Kiatu cha Kushoto na Ukurasa wa 214

Vijana, mkiniona hapa Kasulu nimekaa nachambua maharage huku redio inanguruma pembeni, msidhani nilizaliwa mstaafu. Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa kumbukumbu katika chama cha wafuga nyuki kule Kibondo, na katika miaka hiyo nilifanya kazi siku nyingi nikiwa na kiatu kimoja. Chekeni, lakini mkimaliza mnisikilize.

Kiatu kilikuwa rehani. Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja yenye programu ya kutunzia orodha ya wafugaji na mizinga yao, na programu ile ilikuja na kitabu chake cha maelekezo, kinene kama tofali, kimeandikwa Kiingereza kigumu. Kitabu kimoja, wafanyakazi saba. Aliyekuwa mlinzi wake ni Bwana Rashidi, mtu wa Tanga aliyeletwa kufunga mashine kwa wiki mbili, akaoa Kibondo, akabaki mpaka anastaafu. Aliona kwamba kitabu kikishatoka mezani kwake hakirudi. Akiuliza kiko wapi, kila mtu anamtazama jirani yake. Basi akatunga sheria: anayeazima kitabu anaacha kiatu cha kushoto chini ya meza ya Bwana Rashidi. Kitabu kikirudi, kiatu kinatoka.

Hakikupotea tena. Masika ya Kibondo mnayajua, tope jekundu linashika mguu hadi kifundoni. Mtu anaweza kusahau mke wake sokoni, lakini hasahau kwamba mguu wake wa kushoto uko wazi.

Siku moja alikuja mkubwa mmoja kutoka mkoani bila taarifa. Meneja wetu alikuwa ameazima kitabu tangu jana yake na amekiacha kwake, kitandani. Alimwomba Bwana Rashidi kiatu kwa sauti ya chini, akamwomba tena kwa sauti ya cheo. Bwana Rashidi akamwambia kwa adabu zote za pwani kwamba sheria haina meneja. Meneja akampokea mgeni akiwa na kiatu kimoja cheusi kinachong'aa na soksi moja yenye tundu. Yule mkubwa alikagua ofisi nzima bila kuuliza neno, ila wakati wa kuaga alimpa meneja pole ya mguu.

Mimi nilianza kazi nikiwa msichana wa mashine ya kupigia chapa, na kompyuta niliiogopa nikidhani ikikosewa inashtaki. Bwana Rashidi ndiye aliyenifundisha. Aliniambia kitabu cha kompyuta hakisomwi kama hadithi, kinaulizwa. Unakwenda kwanza nyuma kwenye faharasa, unatafuta neno la shida yako, unashika ukurasa kwa kidole, ndipo unasoma. Na ukimaliza, alisema, chukua kalamu uandike pembeni yaliyotokea kweli, maana aliyeandika kitabu hiki hajawahi kuuona umeme wa Kibondo.

Sasa niwaambie kosa langu, maana limeandikwa na siwezi kulificha. Kitabu kilisema diski za akiba, vile vibapa vya plastiki tulivyokuwa tukihifadhia nakala za orodha, zikingwe na vumbi na unyevu. Nikafikiri. Mimi ni mtoto wa nyuki. Kwetu kitu cha thamani ukitaka kukikinga na vumbi na unyevu unajua cha kufanya: mifuniko ya chupa za asali tuliiziba kwa nta, mipini ya mapanga tuliipaka nta, hata bahasha za kwenda mkoani tuliziziba kwa nta. Nikayeyusha sufuria nzima, nikachovya diski moja moja, zote tisa, nikazianika dirishani kwa mstari. Zilipendeza. Nikamwita Bwana Rashidi aje aone, nikitegemea sifa.

Akazitazama. Akavuta kiti, akakaa. Akainua diski moja, akaikwaruza nta kwa ukucha. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kitabu kimesema kinga. Hakikusema pika."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alifungua kitabu ukurasa ule, akaandika pembeni kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wake wa madrasa uliolala kidogo: *Usitie nta. Skola keshajaribu.* Nililia kwa aibu. Alinijibu kwamba aibu ni ya leo tu, ila maandishi yatamsaidia mwingine. Ndivyo kitabu chetu kilivyoendelea kunenepa. Kila aliyeharibu aliandika. Ukifungua ukurasa wowote unamkuta mwenzako wa zamani, amekosea kabla yako, anakuonya.

Halafu vitabu vikaanza kukonda. Kila programu mpya iliyokuja, kitabu chake kilikuwa chembamba kuliko cha kabla yake. Mwisho likaja boksi, nikalifungua, nikalitikisa, kikaanguka kijikaratasi kimoja kinachosema maelekezo yote yako kwenye mtandao. Wakati ule mtandao Kibondo ulipatikana ukisimama nyuma ya choo cha ofisi, tena ukiwa umeinua mkono. Baadaye hata boksi halikuja. Orodha yetu tukaibakiza kwenye mashine ya zamani, na programu yake ya zamani, kwa sababu tu tulikuwa na kitabu chake.

Bwana Rashidi alistaafu, akarudi Tanga na mkewe, na miaka miwili baadaye tukapata habari kwamba ametangulia mbele ya haki. Kitabu alikuwa ameniachia mimi, pamoja na sheria ya kiatu. Lakini wa kuacha viatu walikuwa wamepungua.

Ndipo akaja Fredi, kijana wa chuo kikuu, kutoka Dar. Nisimseme vibaya, alikuwa na heshima, shikamoo yake haikukosekana asubuhi. Ila yeye kila shida aliipeleka kwenye simu. Anatafuta video, anakuta kijana mwenzake anasema kama mnavyoona ni rahisi tu, na kweli kwa yule wa kwenye video ni rahisi, maana kioo chake hakifanani na chetu hata kidogo. Bando likiisha, na ujuzi umeishia hapo hapo. Nilimwambia, huyo mtu wako wa video hakosei hata mara moja, utajifunza nini kwake? Akacheka, akaniambia, "Mama, vitabu ni mambo ya kizamani, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni."

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilichukua likizo ya siku chache kuja hapa Kasulu kumwoza mpwa wangu. Niliporudi Jumatatu nikakuta ofisi inang'aa. Fredi alikuwa amefanya usafi. Na kwenye benchi la nje nikamkuta Mzee Bukuru wa Busunzu, kofia magotini, mfuko wake wa nailoni ubavuni, na vipande vya maganda ya karanga miguuni pake. Tukaamkiana kwa Kiha, mwakeye, ego, habari za nyumbani, na nilipouliza amekaa hapo tangu saa ngapi, akasema tangu Ijumaa.

Mzee Bukuru alizaliwa ng'ambo, Burundi, akavushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikua hapa, akalima hapa, enzi za kambi ya wakimbizi ya Mtabila alikuwa akipeleka asali kule kwa baiskeli, na uraia wake ameupata kihalali. Mizinga yake ilikuwa ishirini na minane, ameitundika msituni mmoja mmoja kwa miaka. Sasa jirani yake alikuwa amejitokeza kudai kwamba yote ni ya marehemu baba yake. Kila mzinga huwa na alama ya mwenyewe iliyochomwa kwa moto, lakini jirani alisema alama ile ni ya ukoo wao, Mzee Bukuru ameiga. Shauri lilikuwa lisikilizwe kwenye kata siku ya Alhamisi. Alichohitaji ni kitu kimoja: karatasi kutoka kwenye orodha yetu, inayoonyesha jina lake, alama yake, na eneo la msitu alilopewa. Msimu wa kurina ulikuwa umebaki wiki tatu.

Na orodha ilikuwa haifunguki. Ijumaa umeme ulikatika mashine ikiwa kazini, na uliporudi kioo kilionyesha mstari mmoja wa Kiingereza na kugoma hapo. Fredi alikuwa ametafuta video siku tatu, lakini programu yetu ilikuwa ya zamani kuliko video zenyewe. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilichukuliwa kabla Mzee Bukuru hajaandikishwa. Daftari la karatasi lilishaliwa na mchwa siku nyingi.

Mzee Bukuru alitusikiliza, kisha akaniambia polepole, "Mama Skola, mimi ni raia. Lakini nikisimama pale Alhamisi bila karatasi, mimi ni mtu aliyevuka jana."

Nikamwambia asihofu. Shida hiyo ilishatupata zamani, iko ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, kwenye kitabu. Nikageukia rafu. Rafu ilikuwa safi kabisa, kuna chombo cha maua ya plastiki.

Fredi alikuwa anatazama viatu vyake. Alisema hakujua. Alisema vitabu vya zamani vyote alimpa Mama Zuwena wa pale stendi, afungie karanga.

Vijana, mimi nina hasira za karibu. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia mbele yenu, mengine kwa Kiha kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Kisha nikamshika mkono tukaenda stendi.

Mama Zuwena alikuwa ameketi nyuma ya beseni lake, na pembeni yake kitabu chetu, kimechanwa jalada, kimebaki nusu. Nikakirukia. Kilianzia ukurasa wa mia mbili na thelathini na moja. Kurasa zote za kabla ya hapo zilikuwa zimekunjwa vikoni, zikajazwa karanga, zikaenda na dunia. Mama Zuwena ni mtu mwema, alisikitika sana, akasema karatasi yenyewe ilikuwa nzuri, haipitishi chumvi. Tulimwomba akumbuke aliowauzia. Na wauza karanga wanakumbuka, msiwadharau.

Kwanza kwa mafundi ujenzi waliokuwa wakiinua ukuta karibu na stendi. Walikuwa wamekula karanga na karatasi wakasokotea tumbaku. Nikaokota kipisi kimoja, nikakikunjua, nikasoma nusu ya neno. Sura yote ya uchapishaji ilikuwa imevutwa. Kutoka hapo tukaenda kwa fundi cherehani, akatuonyesha ukurasa wa mia mbili na saba akiwa ameukata kielelezo cha kola ya shati. Alikataa kuutoa mpaka amalize shati la mteja, lakini haukuwa tunaoutafuta, tukamwachia. Baada ya hapo ni kubahatisha. Kila tuliyemwona na koni mkononi tulimsimamisha, na kwa kuwa huwezi kumnyang'anya mtu mzima karanga zake barabarani, ilibidi tununue koni nzima, au tumsaidie kuzimaliza. Fredi alikula karanga mpaka akaanza kuhema. Kuna abiria mmoja wa Manyovu alikuwa dirishani mwa basi na ukurasa wa mia mbili na kumi na tano. Mia mbili na kumi na tano! Nikamwuliza ule wa kabla yake uko wapi. Akasema yeye alinunua koni moja tu, na basi likaondoka.

Tulirudi ofisini jua limeshapinduka, tumevimba matumbo, tukiwa na kurasa kumi na moja zisizo na kazi. Nilijiona mjinga. Nilimwona Bwana Rashidi ananitazama kutoka huko aliko, ameketi kwenye kiti chake. Nikaenda kumwambia Mzee Bukuru ukweli, maana alistahili kuusikia kutoka kwangu. Nikamwonyesha kitabu kilivyobaki na zile kurasa zenye mafuta, nikamwambia nilikuwa natafuta mwenzake mmoja na sikumpata.

Mzee akachukua ukurasa mmoja, akaugeuza. Akaunusa. Akavuta ule mfuko wake wa nailoni, akafungua fundo, akaanza kupanga vitu kwenye benchi. Cheti cha uraia, kimefungwa kwa kitambaa. Kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao. Kadi za kanisani. Tiketi ya basi iliyofutika. Na chini kabisa, imekunjwa mara nne, imenyooshwa kwa kiganja, karatasi moja yenye harufu ya karanga.

Alikuwa ameinunua Jumamosi, karanga za kumsogezea siku kwenye benchi letu.

Akasema, "Sikujua ni ya nini. Lakini nimeona mtu ameandika pembeni kwa mkono wake. Karatasi ambayo mtu ameiandika kwa mkono haitupwi."

Mia mbili na kumi na nne. Wino wa buluu. Machozi yalinitoka, sioni haya kuwaambia. Sisi tumezunguka Kibondo nzima tukiwalia watu karanga zao, na ukurasa ulikuwa umekaa mlangoni kwetu, kwa mtu pekee mji mzima ambaye hatupi karatasi.

Tukaingia ndani. Fredi akakaa kwenye mashine, mimi nikasoma. Kitabu chenyewe kilikuwa na hatua saba, lakini pembeni Bwana Rashidi alikuwa ameandika: *Hatua ya nne ni ya uongo. Fanya ya tano kwanza, kisha rudi ya nne. Na zima feni, waya ni mmoja.* Fredi aliinuka akazima feni bila kubisha. Akafanya ya tano, akarudi ya nne. Mashine ikaguna kwa muda mrefu. Mzee Bukuru alikuwa amesimama mlangoni, kofia kifuani, midomo inacheza. Kisha orodha ikafunguka, majina yakashuka kama maji, na Fredi akayapeleka mpaka kwa Bukuru wa Busunzu. Alama: duara lenye mikato miwili. Tulichapa nakala tatu, na mzee akazitia zote mfukoni, moja moja.

Kabla hajaondoka aliniomba kalamu. Akauchukua ule ukurasa, na kwenye kona iliyokuwa bado nyeupe akachora duara, akalikata mara mbili. Akasema mashine imeshaonyesha kwamba inasahau, basi alama yake ikae na kitabuni pia. Alhamisi aliinyanyua karatasi yake mbele ya watu, na jirani, alipoiona tarehe ya kuandikishwa, ya enzi baba yake akiwa bado hai wala hakupinga, akaondoa madai yake mwenyewe. Wiki tatu baadaye Mzee Bukuru alirina.

Nilipostaafu nilipewa doti la kitenge na kile kitabu, nimekishona upya kwa uzi wa gunia, mia mbili na kumi na nne ikiwa ukurasa wa mbele. Fredi aliupiga picha kwa simu yake, akaniambia sasa nipumzike, sitasumbuliwa tena.

Mwezi uliopita alikuja hapa nyumbani, kutoka Kibondo kwa basi. Simu yenye picha iliibwa Dar zamani. Mashine ileile, umeme uleule, mstari uleule wa Kiingereza. Nikamkaribisha, akanywa chai, akazungukazunguka, mwisho akaomba kitabu. Nilimtazama miguuni. Alikuwa na raba nyeupe mpya, za bei. Yule mtoto hakuuliza. Aliinama akafungua kamba, akaniwekea ya kushoto chini ya kiti, akaenda stendi ya Kasulu na raba moja na kandambili moja niliyomwazima.

Alirudi baada ya wiki, kitabu kwapani, na chupa ya asali kutoka Busunzu. Aliniambia alikuwa amekisoma chote kilichobaki, na kwamba pale penye nta palimchekesha mpaka watu wakamwuliza anacheka nini. Akaniuliza, kwani huyo Skola ni wewe? Nikamjibu ni mimi, na chai yake itapoa. Alipovaa raba yake na kuondoka nikakifungua kitabu, maana mlinzi hukagua. Kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, chini ya duara la Mzee Bukuru, palikuwa na mwandiko mpya, wa mtu asiyezoea kalamu, herufi zimekaa kila moja peke yake.

*Usimpe Mama Zuwena afungie karanga. Fredi keshajaribu.*